Utando, Ukoga na Kuvu: Historia Fupi ya Istilahi za Maradhi ya Kinywa na Miti-Dawa ya Pwani ya Tanga

1. Utangulizi

Wengi wetu tunaoshughulika na istilahi za tiba tumezoea kulalamika kwamba Kiswahili kina uhaba wa maneno. Zipo nyanja ambamo malalamiko hayo ni ya haki. Lakini katika maradhi ya kinywa hali ni kinyume: maneno yapo, tena ya zamani na yangali hai vinywani mwa watu. Taabu yetu ni kujua kila neno lasimamia kitu gani. Katika makala hii tumekusudia kufuatilia historia ya maneno matatu, yaani utando, ukoga na kuvu, pamoja na majina ya baadhi ya mimea ambayo watu wa pwani ya Tanga wameitumia kutibu kinywa. Mwishoni tutatoa mapendekezo.

Ugonjwa tunaouzungumzia ni ule unaoweka tabaka jeupe juu ya ulimi, ndani ya mashavu na kwenye kaakaa. Huwapata zaidi watoto wachanga, wazee wanaovaa meno ya bandia, na watu ambao kinga ya miili yao imepungua. Chanzo chake ni kuvu ya jamii ya kandida, ambayo hukaa kinywani mwa watu wengi wenye afya bila kuwadhuru, mpaka mwili udhoofike ndipo inaposhamiri. Muuguzi huuita ugonjwa huu fangasi za kinywa. Bibi aliyelea wajukuu huuita utando. Mganga wa kienyeji huweza kuuita utando au ukoga. Watu hao watatu hutazama kinywa kimoja. Swali letu ni kama huwa wanasema jambo moja.

2. Tongoni na fundisho la kiseyeye

Tumechagua kuanzia Tongoni kwa sababu mbili. Kijiji hicho kipo kiasi cha kilometa 17 kusini mwa mji wa Tanga, karibu na barabara iendayo Pangani, na kinajulikana kwa magofu ya msikiti wa kale na makaburi yanayozidi 40. Sababu ya kwanza ni ya kilugha. Huku ndiko kwenye lahaja ya Kimtang'ata, iliyoandikiwa kitabu na W. H. Whiteley mwaka 1956 katika mfululizo wa uchunguzi wa lahaja uliotolewa na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Wasemaji wake wamepakana na Wadigo, Wasegeju na Wabondei, na maneno ya tiba yamekuwa yakivuka mipaka hiyo siku zote. Kwa desturi ya kazi yetu, istilahi hutafutwa kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo tuende ng'ambo. Hivyo pwani hii ni ghala tusiloweza kulipita.

Sababu ya pili ni ya kihistoria. Mwezi Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilipita mbele ya Mtang'ata, na mojawapo, São Rafael, ikakwama kwenye fungu. Shajara ya safari hiyo yaeleza kwamba wenyeji walikuja kwa vyombo vyao wakileta machungwa ambayo Wareno waliyasifu kuwa bora kuliko ya kwao. Miezi michache kabla ya hapo, yasema shajara hiyohiyo, mabaharia wengi walikuwa wamevimba mikono na miguu, na fizi zao zikaota juu ya meno hata wasiweze kula. Ugonjwa huo Kiswahili huuita kiseyeye. Mwandishi wa shajara hakuona uhusiano wowote baina ya machungwa ya Mtang'ata na fizi za mabaharia. Ilikuwa mwaka 1747 ndipo tabibu wa Kiskoti James Lind alipowajaribia mabaharia wagonjwa machungwa na malimau akaona faida yake, na ni katika karne ya 20 ndipo vitamini C ilipotambuliwa.

Kiseyeye si ugonjwa wa kuvu, wala hatukukusudia kuuchanganya na utando. Tumeutaja kwa fundisho lake. Neno kiseyeye lilitokana na dalili kama majina mengine, lakini lilishika ugonjwa mmoja tu. Chanzo kilipojulikana, jina halikuhitaji kubadilishwa. Lilipokea maana mpya ya kisayansi likabaki lilelile. Kwa kipimo hicho ndicho tutakachopimia maneno yafuatayo.

3. Utando na ukoga

Utando ni neno lenye asili ya kitenzi kutanda, yaani kuenea juu ya kitu na kukifunika. Twasema utando wa maziwa yaliyopoa, utando wa buibui, na utando wa jicho. Kwa hiyo anayesema mtoto ana utando kinywani anaeleza alichokiona: kitu chembamba kimetanda juu ya ulimi. Hasemi kimetoka wapi. Neno ni la kweli na ni zuri, ila lina upana mwingi.

Ukoga una historia nyingine. Katika Kiswahili cha kawaida ukoga ni uchafu unaoganda juu ya meno yasiyosafishwa. Lakini neno hilo lina ndugu yake, koga, ambalo maana yake ni ukungu unaoota juu ya mkate uliolala, ngozi iliyopata unyevu, au nguo iliyokunjwa mbichi. Umbo la maneno haya mawili na ukaribu wa maana zake vyatuonyesha kwamba wenye lugha waliuona uchafu wa kinywa na ukungu wa mkate kuwa vitu vya namna moja. Hatudai kwamba wazee wetu waliijua kandida, kwa kuwa haionekani bila hadubini. Twasema tu kwamba walilinganisha kwa jicho na kwa ulimi, na ulinganisho wao ukaangukia mahali pa haki: ukungu wa mkate ni kuvu, na utando mweupe wa mtoto ni kuvu vilevile.

Neno kuvu lenyewe ni la Kibantu. Kwa muda mrefu lilikuwa la ghalani na shambani, likitumika kwa mahindi yaliyoharibika na mbao zilizooza, na wasemaji wengi hawakulitumia kwa mwili wa mtu. Maradhi ya ngozi ambayo leo twajua yatokana na kuvu yalikuwa na majina yake: choa kwa mabaka ya mviringo ya ngozini, mapunye kwa kichwa cha mtoto. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa na jina la kila mtoto wa ukoo huu, ila hakikuwa na desturi ya kuwaita kwa jina la ukoo. Upungufu huo haukuwa wetu peke yetu, kama tutakavyoona.

4. Jinsi sayansi ilivyopata jina lake

Mwaka 1839 tabibu wa Kijerumani Bernhard Langenbeck aliona kuvu ndani ya utando uliotoka kwa mgonjwa wa homa ya matumbo. Kabla yake, na hata baada yake kwa muda, matabibu wa Ulaya waliudhania ugonjwa huo kuwa ni uchafu wa maziwa au udhaifu wa mwili wa mtoto. Katikati ya karne ya 19 Mfaransa Charles Robin aliipa kuvu hiyo jina la Oidium albicans, na mwaka 1923 mwanamke wa Kiholanzi, Christine Berkhout, akaianzishia jenasi ya Candida. Jina kamili likawa Candida albicans.

Msomaji asiyejua Kilatini huweza kudhani kwamba jina hilo lina siri kubwa ya kitaalamu. Halina. Candida maana yake ni nyeupe, na albicans ni inayokuwa nyeupe. Wataalamu wale, wakiwa na hadubini mezani, walirudi kwenye weupe uleule alioutaja bibi wa Tongoni. Tofauti ni kwamba jina lao lilifungwa kwa kiumbe kimoja kilichoelezwa kwa maandishi, ili mtu wa Nairobi na mtu wa Amsterdam wanapolitaja wawe wanasema kitu kimoja. Hapo ndipo thamani ya istilahi ilipo. Neno halihitaji kuwa la kigeni ili liwe la kisayansi. Linahitaji kufungwa kwa maana moja, na watu wakubaliane juu ya fundo hilo.

Dawa za hospitali nazo zina majina yenye hadithi. Nistatini, mojawapo ya dawa za mwanzo za kuua kuvu hii, iligunduliwa mwaka 1950 na Elizabeth Hazen na Rachel Brown, waliokuwa watumishi wa Idara ya Afya ya Jimbo la New York, na jina lake limetokana na jina la jimbo hilo. Kama jimbo la wagunduzi laweza kukaa ndani ya jina la dawa, hatuna sababu ya kuona haya majina ya miti yetu.

5. Majina ya miti

Tukija kwenye miti, twakuta utajiri mkubwa na hatari kubwa pamoja. Kazi ya mwanzo iliyojitahidi kuyafunga majina ya Kiswahili ya mimea na majina ya Kilatini ilifanyika katika milima ya Usambara, si mbali na pwani tunayoizungumzia. Huko Amani, Wajerumani walianzisha taasisi ya uchunguzi mwaka 1902, na chini ya Waingereza mtaalamu wa mimea P. J. Greenway alitoa kamusi yake ya majina ya mimea mwaka 1937, iliyochapishwa tena kwa kupanuliwa mwaka 1940. Hifadhi ya mimea iliyokaushwa iliyokuwa hapo ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Kila anayefanya kazi ya istilahi za mimea leo amesimama juu ya kazi hiyo, ajue asijue.

Baadhi ya majina hayana matata. Mswaki ni mti mdogo wa pwani na nchi kavu, Salvadora persica, ambao vijiti vyake vimesafisha meno tangu zamani. Neno lake lina asili ya Kiarabu. Leo mtoto wa shule hununua mswaki wa plastiki dukani bila kujua kwamba anataja mti; jina limehama kutoka kwenye mmea hadi kwenye kazi yake. Mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi, umepewa jina lake kwa imani kwamba watibu maradhi arobaini. Hilo ni jina la sifa, nalo husafiri mbali kwa sababu ya sifa hiyo. Kitunguu saumu na karafuu vimo katika kila jiko la Tanga, na maabara zimethibitisha kwamba alisini ya kitunguu saumu na ujenoli ya karafuu huizuia kandida isikue.

Majina mengine yana matata. Mtunguja wa pwani, Solanum incanum, ambao hutumiwa sehemu nyingi kwa maumivu ya meno, bara huitwa mtula au mndulele. Hapo mmea mmoja una majina matatu, na madhara yake ni machache: mtu atakosa dawa aliyoitaka. Hatari kubwa ipo pale jina moja linapobeba mimea miwili. Tuchukue mbono. Kwa wengine mbono ni mbarika, mmea wa mafuta ya kuharisha, Ricinus communis. Kwa wengine mbono ni mbono kaburi, Jatropha curcas, ambao utomvu wake hupakwa kwenye vidonda vya kinywa na utando wa watoto katika sehemu mbalimbali za Afrika. Mbegu za mimea yote miwili ni sumu, na sumu yake ni tofauti. Mtu akiandika katika kijitabu kwamba mbono hutibu kinywa, bila kusema ni mbono gani na ni sehemu gani ya mmea, ameandika sentensi sahihi ya Kiswahili inayoweza kumuua mtoto.

6. Waganga na maabara

Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za asili, ambacho mwaka 1991 kilipandishwa kuwa taasisi. Wakati huohuo ugonjwa mpya ulikuwa umeingia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika dalili zilizoonekana mara kwa mara ni utando mweupe wa kinywa, sasa kwa watu wazima. Neno lililokuwa la watoto wachanga likapata uzito mwingine. Katika miaka ya 1990 madaktari na waganga wa mkoa wa Tanga walianza kushirikiana kuwahudumia wagonjwa hao kwa miti-dawa, na ushirikiano huo ukazaa chama cha Tanga AIDS Working Group. Bunge lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002.

Mwaka 2006 watafiti wa Muhimbili walichapisha matokeo ya mahojiano yao na waganga wa mikoa ya Dar es Salaam, Pwani, Morogoro na Tanga. Waganga hao waliutambua ugonjwa wa kuvu ya kinywa, wakiuita utando au ukoga, na wakataja aina 36 za mimea ya familia 21. Katika uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka huohuo, viziduo 63 kutoka aina 56 za mimea ya Tanzania vilijaribiwa dhidi ya Candida albicans. Aina 27, yaani asilimia 48, zilionyesha nguvu ya kuizuia. Gome la mizizi ya mjunju, Balanites aegyptiaca, lilikuwa miongoni mwa yaliyoonyesha nguvu kubwa.

Yafaa hapa tueleze neno kiziduo, kwa kuwa si wasomaji wote walilizoea. Wachunguzi huchukua gome au mzizi uliokaushwa na kusagwa, huuloweka katika maji yaliyochanganywa na spiriti maalumu, huchuja, kisha huuacha umajimaji ukauke mpaka yabaki yale yaliyotolewa ndani ya mmea. Mabaki hayo ndiyo kiziduo, kutokana na kitenzi kuzidua, ambacho katika neno uziduaji kimekwisha kuzoeleka kwa habari za madini na gesi. Wapo wanaoandika dondoo, lakini dondoo lina kazi yake katika maandishi. Kwa mpishi wa pwani maelezo ni mepesi zaidi: nazi hukunwa, hutiwa maji, hukamuliwa, tui ni kilichoziduliwa, na chicha ni kilichobaki. Na kama vile tui la kasimile lisivyolingana na tui la pili, ndivyo kiziduo cha maabara kisivyolingana na maji ya mizizi yaliyochemshwa sufuriani. Maneno kuchemsha, kuloweka, kukamua, kufukiza na kusukutua yana tofauti zake, na mganga huzijua. Mtafsiri akiyafanya yote kuwa "kutumia dawa", amepoteza elimu yenyewe.

Tusisahau pia kwamba kuzuia kuvu ndani ya kisahani cha maabara si sawa na kumponya mgonjwa. Neno "imethibitishwa" limekuwa jepesi mno katika matangazo ya dawa, na sisi wa istilahi hatuna budi kulilinda kama tunavyolinda majina.

7. Kwa nini jambo hili ni zito

Huenda msomaji akauliza kama tofauti ya utando na kuvu haistahili kuachiwa madaktari. Jibu letu ni dondakoo. Ugonjwa huo, ambao watoto wa Tanzania wamekuwa wakichanjwa pamoja na kifaduro na pepopunda tangu mpango wa chanjo ulipoanza mwaka 1975, nao huleta utando. Utando wake ni wa kijivu, hushika kooni, na huweza kuziba njia ya pumzi. Mama akisema mtoto ana utando, na msikilizaji akaelewa kuvu, siku mbili za kusukutua na kupaka dawa huweza kuwa siku mbili za kuchelewa kufika hospitali. Neno utando halikukosea. Limeachwa lifanye kazi ya maneno mawili.

Wapo wanaoona kwamba dawa ya matata haya ni kuyaacha maneno ya wazee na kushika fangasi moja kwa moja. Hatukubaliani nao. Fangasi limekwisha kuenea katika zahanati, nasi hatulipigi vita, lakini halimfundishi mama uhusiano wa mdomo wa mtoto na mahindi ya ghalani. Kuvu humfundisha. Baada ya watu kudhurika kwa sumu ya nafaka katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, neno sumukuvu lilienea kwa wakulima, redioni na maofisini kwa muda mfupi, kwa sababu kila sehemu yake ilieleweka. Huo ni ushahidi kwamba neno la Kibantu likipewa kazi ya haki, hufanya kazi hiyo.

8. Mapendekezo

Kwa hayo yote, twapendekeza yafuatayo kwa wasomaji na wenzetu wa tiba, ili yajadiliwe:

(a) Kuvu iwe istilahi ya ukoo wote wa viumbe hivi, na kandida iwe jina la jenasi. Fangasi itambuliwe kuwa kisawe cha mazungumzo.

(b) Ugonjwa uitwe kuvu ya kinywa.

(c) Utando ubaki kuwa jina la dalili, nao usiandikwe peke yake katika maandishi ya afya. Pasemwe ni utando wa rangi gani na wa mahali gani: utando mweupe wa ulimi, utando wa kijivu wa koo.

(d) Ukoga katika lugha sanifu ubaki kuwa uchafu wa meno, lakini maana yake ya ugonjwa kwa waganga iingizwe katika kamusi kama maana ya pili, wala isifutwe. Mtafiti asiyeijua hatamwelewa mganga anayemhoji.

(e) Kiziduo kitumike kwa kitu kilichotolewa mmeani kwa njia ya maabara. Mchemsho, maji ya kulowekwa na utomvu yatajwe kwa majina yake.

(f) Kila jina la mti-dawa likichapishwa lifuatane na jina la Kilatini, sehemu ya mmea inayotumika, na mahali jina hilo lilipokusanywa.

Pendekezo la mwisho ndilo lenye haraka zaidi. Maana ya neno utando tutaweza kuijadili mwakani pia, kwa kuwa lingali linasemwa kila nyumba. Majina ya miti hayana dhamana hiyo. Yamo katika vichwa vya wazee wachache wa Mtang'ata, Pangani na vijiji vya nyuma yake, na msitu wenyewe unapungua. Wilaya zetu zina maofisa utamaduni, shule zina walimu wa Kiswahili na wa biolojia, na kila mmoja wao anaweza kuandika jina, kukausha tawi moja na kutaja kijiji. Kazi hiyo ya daftari na kalamu isipofanywa sasa, hapatakuwa na mtu wa kutuambia mbono aliosema bibi ulikuwa upi.